Kulala kwenye hema Mlima Kilimanjaro: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaouliza habari za Kilimanjaro huanza na kilele: ni mbali kiasi gani, baridi yake ikoje, nitafika? Maswali ya kambini huja mwishoni, tena kwa sauti ya chini: nitajisaidia wapi, nitalalaje, nikishtuka usiku pumzi haitoshi nifanye nini? Kwa maoni yangu hayo ya mwisho ndiyo yangetangulia. Katika safari ya siku saba, siku nyingi unatembea saa tano au sita tu. Saa zote zilizobaki uko kambini. Huko ndiko mwili unakozoea hewa nyepesi, unakoshiba, unakokauka na kupumzika. Aliyelala vibaya usiku wa pili na wa tatu, mlima unakuja kumdai usiku wa kilele. Ndiyo maana ukurasa huu ni wa kambini karibu wote.

Naweza kubeba hema langu nikapanda mwenyewe?

Hapana. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro hupandi bila mwongozaji aliyesajiliwa, uwe mgeni au mwenyeji. Unaandikishwa langoni, na kila kambi unayofika unasaini tena kitabu. Kupiga hema nako ni kwenye kambi zilizotengwa tu, si popote utakapopapenda.

Hema lako unaweza kwenda nalo kama unaliamini, lakini makampuni mengi huja na yao ambayo yameshapimwa na upepo wa huko juu. Ukikodi, omba kuliona likiwa limesimamishwa kabla ya siku ya safari. Fungua na ufunge zipu zote, kagua mishono ya sakafu, hesabu kamba. Zipu iliyokufa ni jambo dogo ukiwa Moshi mjini. Ukiwa Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, saa nane usiku ni jambo jingine kabisa.

Jambo moja watu hulichanganya: njia ya Marangu haina mahema. Huko unalala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo. Anayetaka hema anapita Machame, Lemosho, Umbwe, Rongai au Mzunguko wa Kaskazini.

Njia ipi inamfaa anayelala kwenye hema kwa mara ya kwanza?

Machame ya siku saba au Lemosho ya siku nane. Sababu iko kwenye mpangilio wa usiku zaidi ya uzuri wa njia. Chukua Machame: usiku wa kwanza unalala mita 2,835, wa pili unalala Shira, mita 3,800 na ushei. Siku ya tatu unapandishwa hadi Lava Tower, mita 4,600 na kitu, unakula chakula cha mchana pale kichwa kikianza kukugonga, kisha unateremshwa kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Mwili umeonjeshwa hewa ya juu halafu ukarudishwa kupumzika chini. Usiku wa nne ni Karanga, karibu usawa uleule wa Barranco. Wa tano ni Barafu, mita 4,670 hivi, na huko ndiko unakoondokea kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895.

Kuna wanaouza Machame ya siku sita. Kilichoondolewa hapo ni usiku wa Karanga. Unatoka Barranco unaunganisha moja kwa moja hadi Barafu, unafika alasiri umechoka, na usiku uleule unaamshwa kwenda kileleni. Bei inashuka, ndiyo. Lakini kama fedha ni kidogo, heri uahirishe mwaka mmoja ukusanye za siku ya saba kuliko kuukata usiku huo. Katika mambo yote ya ukurasa huu, hili ndilo ningeomba ulishike hata ukisahau mengine.

Umbwe ni fupi na kali, inakufikisha juu mapema mno, waachie waliozoea. Rongai inapanda kutoka kaskazini, upande unaotazama Kenya, ambako mvua ni chache. Ukilazimika kusafiri miezi yenye mawingu, ifikirie hiyo.

Baridi ya usiku ikoje hasa?

Kwa wastani joto hushuka nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kambi ya Machame usiku bado inavumilika, kama Makambako mwezi Julai. Shira na Barranco maji yaliyoachwa nje huamka na ngozi ya barafu, hasa mbingu ikiwa wazi. Kambi ya Barafu ni chini ya sifuri kila usiku, nyuzi tano au kumi chini, na upepo juu yake. Kileleni alfajiri andaa mwili kwa nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri.

Usidanganywe na mchana. Shira saa sita mchana jua linachoma hadi unavua koti. Saa kumi na mbili na nusu jioni jua likishazama, baridi inaingia mara moja. Vaa nguo za joto kabla hujaanza kutetemeka.

Nilale na nini, na nilaleje?

Kwanza, kilicho chini yako. Watu huhangaika na mfuko wa kulalia na kusahau kwamba baridi kubwa hutoka ardhini. Uzito wako unabana sufi ya mfuko kwa chini na kuifanya isifae kitu. Unahitaji godoro la sponji gumu, au la kujaza hewa, au yote mawili, sponji likiwa chini. Mfuko wenyewe uwe umeandikiwa kustahimili nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri. Ukikodi Moshi au Arusha, unuse, ukunjue wote, angalia kama sufi haijakusanyika upande mmoja na kuacha sehemu tupu. Nunua au shona shuka la kuingiza ndani. Linaongeza joto na linakutenganisha na jasho la waliotangulia.

Ukifika kambini, fanya hivi kabla ya jambo lolote: vua kila ulichotembea nacho, pamoja na soksi na nguo za ndani, uvae za kulalia ambazo hazijawahi kuguswa na jasho. Nguo inayoonekana kavu lakini ina unyevu wa jasho itakunyonya joto usiku kucha. Seti hii ya kulalia haivaliwi kutembea hata siku moja, hata ikionekana safi kuliko zote.

Usiku mwombe mpishi maji ya moto kwenye chupa yako ngumu. Kaza kifuniko, igeuze juu chini uone kama haivuji, ivishe soksi, kisha iweke mapajani au miguuni ndani ya mfuko. Asubuhi hayo ndiyo maji yako ya kunywa ya njiani, yameshachemshwa. Kwenye kambi za juu, chupa inayobaki nje ya mfuko ilaze kichwa chini, maana barafu huanza kuganda kwa juu na mdomo wa chupa utabaki wazi.

Usifunge hema lote. Kila mtu akiona baridi anataka kuziba hewa, na matokeo yake pumzi za watu wawili zinaganda kwenye kuta za ndani. Asubuhi jua likigusa hema, ule umande ulioganda unayeyuka na kudondokea usoni na kwenye mfuko. Acha matundu ya juu wazi, na usifunike uso kwa mfuko ukapumulia ndani. Funika kichwa kwa kofia ya sufu badala yake.

Kabla ya kulala pitisha kiganja sakafuni ulisikie jiwe. Kambi ya Barafu imekaa kwenye ukingo wa mawe matupu, vigingi haviingii ardhini, kamba hufungwa kwenye mawe makubwa. Ukiona jiwe la kamba limelegea, mwite mtu wa mahema mapema. Na upande wenye mteremko uwe wa miguu.

Na mvua?

Masika, Machi hadi Mei, na vuli ya Novemba ndiyo miezi ya kulowa. Januari, Februari, na Juni hadi Oktoba ndiyo miezi mikavu. Wengi wetu tunapenda kupanda tufike kileleni Desemba 9, siku ambayo mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliusimika Mwenge wa Uhuru juu kule. Ni hamu nzuri, mimi naiunga mkono, ila ujue vuli inaweza kuwa haijaisha, hivyo vifaa vyako viwe vya mvua kwelikweli.

Msitu wa chini unaweza kunyesha mwezi wowote. Usiamini begi linalodaiwa halipitishi maji. Mfuko wa kulalia na nguo za kulalia zifungwe kwenye mfuko wa nailoni mzito usiopitisha maji, ndani ya begi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo nunua ile ya wasafiri inayokunjwa mdomo na kubanwa, inadumu miaka.

Choo kikoje?

Kila kambi ina vyoo vya hifadhi. Vingine ni safi, vingine usiku vinahitaji moyo. Makampuni mengi hukodisha choo cha kubeba, chenye kihema chake na mtu wa kukisafisha. Kwa kikundi cha watu wanne na zaidi gharama ikigawanywa ni ndogo, na mimi nashauri kichukuliwe. Anayeogopa choo hupunguza kula na kunywa ili asiende, na hapo ndipo matatizo ya mwinuko yanapompatia njia.

Usiku utaamka kukojoa mara mbili au tatu. Ni kawaida, mwili ukipanda juu hutoa maji zaidi, ni dalili njema kwamba unazoea. Wanaume hutumia chupa yenye mdomo mpana, iliyowekwa alama isichanganywe na ya kunywa. Wanawake kuna kifaa cha mpira chenye umbo la mdomo wa birika kinachofanya kazi hiyohiyo. Jizoeze nacho nyumbani bafuni kwanza.

Ukilazimika njiani, ondoka mita 60 au zaidi kutoka kwenye kijito, na karatasi urudi nayo kwenye mfuko. Karatasi nyeupe zilizosongwa chini ya mawe kati ya Barranco na Karanga ni aibu yetu sote tunaopita pale.

Nikiwa kwenye hedhi?

Unapanda kama kawaida. Mwinuko na uchovu vinaweza kuileta mapema au kuichelewesha, kwa hiyo beba vifaa hata kama hesabu yako inasema bado. Pedi zilizotumika zinafungwa kwenye mfuko usioonekana ndani na kushuka na takataka, hazitupwi chooni. Maji ya uvuguvugu ya kunawa yapo asubuhi na jioni, wenyewe mlimani wanaita washi-washi. Ukihitaji ya ziada mwambie mwongozaji bila soni. Ukiona ni vigumu kumwambia mwanaume, uliza kabla ya safari kama timu itakuwa na mwongozaji mwanamke. Wapo.

Tutakula nini? Na maji je?

Mpishi mzuri wa mlimani ni hazina. Uji asubuhi, mayai, chapati, matunda; supu kila jioni kabla ya chakula chenyewe, iwe ya maboga, ya mboga au mtori. Supu haipo kwa ajili ya mapambo, ndiyo njia ya kumnywesha maji na chumvi mtu ambaye hamu ya kula imekimbia. Na hamu itakimbia. Kuanzia Shira utaona sahani na kujisikia umeshiba. Kula hivyohivyo, kidogokidogo, vyakula vya wanga zaidi ya nyama ya mafuta, maana mafuta hukaa tumboni.

Beba vitafunwa unavyovipenda wewe: karanga, tende, kashata, visheti, ubuyu. Kinachopendwa nyumbani ndicho kinachopita kooni mita 4,600.

Huko Barafu maji huchemka yakiwa nyuzi 85 hivi badala ya 100, kwa sababu mgandamizo wa hewa ni mdogo. Ndiyo maana maharage hayaivi kwa sufuria ya kawaida, na wali unataka sufuria ya presha. Maji ya kunywa ya vijito yachemshwe kabisa, na huku juu yaachwe yakitokota dakika tatu, au yatiwe dawa. Kunywa lita tatu kwa siku, supu na chai zikihesabiwa humo. Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini, kwa hiyo njoo na chupa ya kudumu.

Sasa sikiliza hili. Barafu hakuna maji. Chanzo cha mwisho upande huo ni bonde la Karanga. Kila kikombe cha chai unachokunywa Barafu, kila karai la kunawa, kimetoka bondeni kwa kichwa na mabega ya mtu, kwenye dumu la lita 20, saa kadhaa za kupanda. Dumu moja ni mzigo kamili wa mtu mmoja. Kunywa bila kujibana, maana hayo maji yameletwa unywe. Kuoga miguu subiri Mweka, kambi ya kushukia.

Usiku nilishtuka kama nimekabwa pumzi. Ninakufa?

Hapana, na swali hili huulizwa na watu wengi kuliko wanaokubali hadharani. Juu ya mita 3,000 upumuaji wa usingizini hubadilika: pumzi zinakuwa nzito, zinapungua, zinasimama sekunde kadhaa, kisha unavuta pumzi moja kubwa na kuamka kwa hofu. Ubongo unajaribu kusawazisha hewa chafu na hewa safi katika hali mpya. Keti, vuta pumzi taratibu, inua kichwa kwa kuweka koti chini ya godoro, lala tena. Kileleni mgandamizo wa hewa ni nusu hivi ya ule wa Tanga au Mombasa, na Barafu uko chini kidogo ya asilimia 60. Si ajabu mwili ukipigana.

Kinachotakiwa ni kutofautisha usumbufu na hatari. Kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, usingizi wa mang'amung'amu: hizo ni dalili za awali za ugonjwa wa mwinuko. Ukizipata usipande zaidi hadi zipungue. Baki kambini, kunywa, kula, mwambie mwongozaji. Kumficha mwongozaji ili usirudishwe ni kumnyima kitu pekee anachohitaji ili akusaidie.

Hatari ni hizi: kukosa pumzi ukiwa umekaa tu, kikohozi chenye povu, midomo kuwa ya bluu, au kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, usingizi usioamshika. Zile za pumzi, kikohozi na midomo ni maji kwenye mapafu; zile za kuyumba, kuchanganyikiwa na usingizi ni ubongo kuvimba. Jaribio rahisi ni kumwambia mtu atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, anashuka. Anashuka saa hiyohiyo, hata kama ni saa tisa usiku na mvua inanyesha, bila kungoja kupambazuke. Oksijeni ya mtungi na dawa hununua muda tu. Tiba ni kushuka. Kwenye njia kuu kuna machela za gurudumu moja kwa kazi hiyo.

Muulize mwenye kampuni kabla hujalipa: mna mtungi wa oksijeni? Mna kipima oksijeni cha kidoleni? Kinatumika kila jioni au kimekaa begini? Anayejibu kwa kubabaika mwache.

Ninywe Diamox?

Zungumza na daktari wako, hasa kama una mzio wa dawa za salfa, una mimba, au una matatizo ya figo. Asetazolamaidi, maarufu kwa jina hilo la Diamox, husaidia mwili kuzoea haraka na hupunguza lile tatizo la pumzi za usiku. Kiwango cha kinga kinachotumika sana ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Itakukojoza na kukuwasha vidole. Haiwi badala ya ile siku ya saba. Dawa za usingizi na pombe acha kabisa, vyote hupunguza upumuaji.

Mwenye pumu, presha au sukari aende hospitali kupimwa kabla ya kulipa. Mwenye selimundu asipande kabisa.

Wagumu wanalala wapi?

Nashukuru kila anayeuliza hili bila kukumbushwa. Wapagazi wa Kilimanjaro, wagumu, ndio wanaobeba nyumba yako, jiko lako na choo chako, wanakupita njiani wakikimbia, na unapofika hema limeshasimama. Mzigo wa msafara kwa kila mmoja hautakiwi kuzidi kilo 20, na mizani iko langoni. Lakini mizani haioni kila kitu. Haioni kama usiku wanalala kumi kwenye hema la watu sita, au wanajibanza kwenye hema la kulia chakula baada ya wageni kumaliza, chini hakuna kitu, au wanakula mlo mmoja kwa siku.

Kwa hiyo wewe ndiwe unayeweza kuona. Jioni tembea hadi kwenye mahema yao, salimia, kaa kidogo. Waulize mmekula nini leo. Ugali wa moto na mboga ya kutosha mara tatu kwa siku ndio ujira wa mwili kwa kazi ile. Ukiona mtu ana viatu vya mpira vilivyopasuka na koti la kitambaa, mweleze mwongozaji mkuu, na ukishuka andika kwa kampuni. Pale Moshi kuna shirika la KPAP linalofuatilia jinsi makampuni yanavyowatendea wapagazi. Uliza kama kampuni yako inashirikiana nalo.

Siku ya mwisho bakshishi itangazwe mbele ya timu nzima, kila kundi likisikia fungu lake, kisha igawiwe mkononi. Bahasha moja kwa mtu mmoja huzaa malalamiko. Sisi wenyeji wakati mwingine tunajiona hatuhusiki na bakshishi kwa kuwa ni nchi yetu. Mzigo wetu haukuwa mwepesi kwa sababu hiyo. Toa kadiri ya uwezo wako, lakini toa.

Na begi lako lisizidi kilo 15. Lipime nyumbani.

Tutaota moto jioni?

Hapana. Kukata kuni na kuwasha moto wa wazi ni marufuku, kupika ni kwa gesi. Vichaka vya mlimani juu ya msitu vinashika moto upesi na kupona kwa miaka mingi sana. Oktoba 2020 moto uliwaka kwa siku kadhaa na mamia ya watu, wanafunzi na wanakijiji wakiwemo, wakapanda kuuzima. Oktoba 2022 ukawaka tena. Senesio zile kubwa za Barranco, mimea mirefu kama miti inayosimama juu ya ukungu, shina likiwa limevaa majani makavu, hukua taratibu mno. Zilikuwepo kabla ya babu zetu wengi. Kichungi cha sigara kinaweza kuziondoa alasiri moja.

Na kamwe, kwa baridi yoyote ile, usiingize jiko la mkaa wala la gesi ndani ya hema la kulala. Hewa ya sumu inayotoka haina harufu wala rangi, inalaza mtu asiamke.

Kuna wanyama wa kutisha?

Kambini wasumbufu ni kunguru wakubwa wenye shingo nyeupe, wanaofungua zipu ya begi lililoachwa nje, na panya wadogo wenye mistari. Chakula kisikae hemani. Msituni utasikia kima na mbega. Nyoka na mbu huko juu si shida, ila Moshi mjini malaria ipo, lala kwenye chandarua kabla na baada.

Kusali je?

Kibla ukiwa Kilimanjaro ni kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo sana. Kambi za kusini kama Karanga na Barafu ina maana unaelekea mlima wenyewe. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kuchanganya sala, na maji yakiwa ya kuganda au ya kunywa tu kuna tayamamu. Mwambie mwongozaji mapema ratiba isigongane. Kwa Jumapili, vikundi vingi huanza siku kwa ibada fupi nje ya mahema, hakuna anayekatazwa.

Watoto?

Chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kwenda kileleni. Na hata aliyefika miaka hiyo, aende kama anaweza kueleza vizuri anavyojisikia.

Gharama kwa Mtanzania au Mkenya?

Raia wa Afrika Mashariki hulipa ada za hifadhi kwa viwango vya chini sana kuliko wageni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa au pasi. Sehemu kubwa ya bei yako itakuwa mishahara, chakula na vifaa. Ukiletewa bei ya chini isiyoeleweka, ujue kuna tumbo la mgumu lililopunguzwa mahali.

Simu?

Mtandao unapatikana sehemu kadhaa, ukikatika usishangae. Betri hufa kwa baridi hata ikiwa imejaa. Lala nayo ndani ya mfuko pamoja na tochi ya kichwani na betri zake.

Usiku wa Barafu unakwendaje?

Unafika mchana, unakula, unalala kidogo. Saa kumi na moja chakula cha jioni, saa kumi na mbili unaingia hemani. Hutalala sana, na usihangaike. Kulala macho yamefumbwa, mwili ukiwa na joto, kunatosha. Panga nguo za kileleni kwa mpangilio wa kuvaa, za kwanza juu, na zile za ndani ingia nazo kwenye mfuko. Buti zifungue kamba kabisa ili ziingie bila kupigana nazo gizani, na nyayo za ndani zilale nawe. Jaza maji ya moto kwenye chupa, si kwenye mfuko wa maji wenye mrija wa kunywea, mrija huganda. Saa tano usiku unaamshwa kwa chai na biskuti, saa sita mnaondoka.

Hema linabaki kama lilivyo. Utalirudia asubuhi ukiwa hoi, kwa hiyo kabla ya kutoka tandika godoro na uache mfuko wa kulalia umefunguka, uingie moja kwa moja.

Sitaki kilele. Nataka tu kulala mlimani usiku mbili tatu. Inawezekana?

Inawezekana, na natamani wengi wafanye hivi. Ingia kwa lango la Londorossi, lala nyanda za Shira, tembea hadi ukingo wa magharibi, tazama Meru ikielea juu ya mawingu jioni, rudi. Bado ni mita 3,500 na zaidi, kwa hiyo yote ya mwinuko yanakuhusu. Kwa walioko Kenya, njia ya Chogoria kwenye Mlima Kenya, ikipita Ziwa Ellis na juu ya Ziwa Michaelson, ni ya mahema na ni mojawapo ya sehemu nzuri za kulala nje nizijuazo Afrika Mashariki yote.

Usiku wa mwisho, Mweka, kuna la kuzingatia?

Umeshuka zaidi ya mita 2,700 kwa siku moja, magoti yatalalamika. Utalala usingizi mzito, hewa ni tele. Kabla ya giza geuza begi lako nje ndani: takataka zote mfukoni, soksi mbichi mbali na kavu. Langoni takataka za msafara hupimwa. Ukirudi mjini usirudishe mfuko wa kulalia uliokodi ukiwa umesongwa na unyevu. Uanike kivulini mchana mmoja, hema nalo likunjuliwe likauke kabla ya kufungwa. Ukungu ukishaingia kwenye kitambaa hautoki, na wiki ijayo kuna mtu atakayelala humo.